Tumbo la Mkwe

Siku Mzee Wanyoike alipokwenda Kabuchai kumwona mjukuu wake mchanga, alibeba gunia la viazi, blanketi la mtoto, na siri mbili ambazo hakuna mtu wa kule aliyezijua.

Siri ya kwanza ilikuwa ngiri. Ilikuwa imemtoka kwenye kinena miaka mitatu nyuma, na kila asubuhi kabla ya kwenda kufungua duka lake la mbegu na dawa za mifugo pale Kitale, alilala chali kitandani, akairudisha ndani polepole kwa kiganja, kisha mkewe Wangu akamfunga mshipi mpana wa kitambaa aliomshonea mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyoishi. Daktari alikuwa amesema akatwe, mzee akasema atakatwa mahindi yakishavunwa, na mahindi yakavunwa, yakapandwa tena, yakavunwa tena.

Siri ya pili ndiyo iliyomtia aibu zaidi, na hapo utajua mzee huyu alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa amejiandikisha kwenye bima ya afya ya serikali. Wanyoike, jamani! Mbele ya duka lake kulikuwa na benchi, na kwenye benchi hilo hakuna aliyeipiga vita ile bima kumshinda yeye. "Serikali imeshindwa kuziba shimo la barabara," alikuwa akisema, "sasa ati itaziba shimo la tumbo lako?" Watu walikuwa wakishika mbavu. Halafu asubuhi moja ngiri ilikataa kurudi mpaka saa nne, mzee akaingiwa na baridi ya kifo. Siku iliyofuata alipanda gari hadi Kiminini, ambako hakuna aliyemjua, akajiandikisha yeye na Wangu, akalipa mchango wa mwaka mzima. Aliporudi kwenye benchi alitukana bima kwa sauti kubwa kuliko jana yake, na Wangu akaapishwa asitoe neno.

Sasa huko Kabuchai kulikuwa na Absalom, baba yake Kevin, na Kevin ndiye aliyemwoa Wamboi binti wa Wanyoike. Absalom alikuwa afisa wa kilimo mstaafu, mzee wa kanisa, mrefu, mtaratibu, mtu wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Wakwe hawa wawili waliheshimiana kupita kiasi. Mkwe halali kwa mkwe. Mkwe hajinyooshi kwenye kiti cha mkwe, haombi choo, wala mambo ya mwili hayatajwi kabisa mbele yake. Ukishaondoa yote hayo, mazungumzo yaliyobaki ni machache, kwa hiyo kila walipokutana walibishana juu ya serikali, na hasa juu ya bima. Nafikiri walipendana kwa njia hiyo.

Siku hiyo shida ilianzia barabarani. Barabara ya kuingia kwa Absalom ilikuwa imechimbwa na matrekta ya kubebea miwa, na gari liliporuka shimo la tatu au la nne, Wanyoike alisikia mshipi ukilegea na kitu kikitoka kinenani kama ngumi. Alikaza meno. Angekuwa kwake angelala chali, akairudisha, ikaisha. Lakini alikuwa anaingia kwa mkwe wake, na utaomba kitanda kwa mkwe ukiwa na kichaa gani?

Basi alishuka akitabasamu. Alimpokea mjukuu, akamtemea mate ya baraka kifuani, akamrudisha upesi kwa Wamboi, akajifuta uso.

"Baba, uko sawa?" Wamboi aliuliza.

"Niko sawa. Ni vumbi tu."

Nanyama, mkewe Absalom, alikuwa amechinja jogoo. Waliketi sebuleni wazee wawili, ugali wa wimbi ukaletwa, mboga ya mrenda ikaletwa, na juu ya sahani ya mgeni ikawekwa firigisi. Sasa, kwa watu wa Bungoma kama Absalom, firigisi si nyama ya kuokota tu. Ni heshima ya mwanamume mwenyewe wa boma, na Absalom alikuwa ameitoa kwake, akampa mkwe. Kuiacha ilikuwa sawa na kumzaba Absalom kofi mbele ya watoto wake. Wanyoike aliitazama. Tumbo lilikuwa limeshaanza kusokota, limejaa upepo, na kichefuchefu kilikuwa kimemfika kooni.

Akala. Alitafuna firigisi ile yote mpaka ikaisha, akasema ni tamu.

"Ongeza mukwe," Nanyama alisema kutoka mlangoni. "Mbona unatoka jasho hivyo? Ama ni pilipili?"

"Pilipili ni kali kidogo," Wanyoike alisema. Chakula hicho hakikuwa na pilipili hata punje.

Absalom, ili kumchangamsha mgeni, akachokoza mjadala kama kawaida yake. "Mkwe, si umesikia sasa hata kule Malakisi watu wanajiandikisha? Wale wa tumbaku. Mtu anakohoa miaka yote, sasa anaenda kuonwa na daktari kama binadamu."

"Anaonwa kwa jasho la nani?" Wanyoike alidakia. Hata akifa angejibu hilo. "Mimi nalima, nauza, nalipa, halafu mlevi wa chang'aa analala kitandani kwa pesa yangu. Na kuna mahali anafika, ati dawa hakuna, kanunue nje. Sasa hiyo ni bima ama ni sadaka?"

"Hilo la dawa ni kweli, na linaniudhi," Absalom alikubali. "Lakini niambie, zamani tulikuwa tunafanyaje? Mtu akiugua, tunauza ng'ombe. Wa pili akiugua, tunauza shamba. Wa tatu, harambee. Mimi nimekaa kwa harambee za hospitali mpaka nimechoka na ile chai yao, bana. Ugonjwa haujui mkulima na mlevi."

Wanyoike alifungua mdomo kurusha lile la shimo la barabara, lakini maumivu yakamshika kiunoni, maneno yakamkauka. Absalom alingoja jibu, halikuja. Katika miaka yote ya kubishana hakuwahi kuona jambo kama hilo, akafikiri labda leo ameshinda.

"Natoka ninyooshe miguu kidogo," mgeni alisema.

Alikwenda mpaka nyuma ya miwa, akatapika chakula chote cha heshima alichopewa. Kisha akachuchumaa, akampigia Wangu.

"Imetoka na imekataa kurudi," alinong'ona. "Ni ngumu kama jiwe. Natapika."

"Lala chini uirudishe!"

"Nilale wapi, Wangu? Kwa miwa ya mkwe?"

"Ngai! Si uwaambie wakupeleke hospitali? Hapo Lugulu si ni karibu?"

"Nikienda na Absalom, ataona kila kitu. Ataona ngiri, na pale mlangoni ataona ile kitu nyingine. Wacha nitafute gari nirudi Kitale, tutaenda kule kwetu."

Wangu akaishusha sauti yake, na Wanyoike alimjua mkewe: akipandisha sauti hana neno, akiishusha ujihadhari. "Baba Wamboi, ile siku daktari alisema ikiwa ngumu na unatapika, ni saa tu. Si siku, ni saa. Sasa chagua. Unataka nije nikuchukue na gari ama na jeneza? Kwa sababu nikikuja na jeneza Absalom ataona kila kitu bado, na hutakuwa na mdomo wa kumjibu."

Wamboi alikuwa amemfuata baba yake. Alimkuta amechuchumaa, simu sikioni, uso umekuwa wa majivu, akapiga ukemi. Absalom akaja mbio na koti lake, na gari lake la zamani likatolewa.

Njiani Wanyoike alikaa kiti cha nyuma, ameinama, amemshika binti yake mkono. Hakuna aliyemuuliza anaumwa wapi. Absalom aliendesha akitazama mbele tu, na kila gari liliporuka shimo alisema, "Pole mkwe," kana kwamba yeye ndiye aliyechimba.

Kwenye hospitali ya misheni walimpokea kwa kiti cha magurudumu. Daktari Chepkemei, mwanamke kijana wa Mlima Elgon, alimwangalia nyuma ya pazia, akabonyeza mara moja, akatoka usoni hana mchezo.

"Utumbo umenyongwa hapo nje. Lazima tumfungue sasa hivi. Mzee, ulikula saa ngapi mara ya mwisho?"

"Kama saa saba."

"Ulikula nini?"

"Ugali. Kuku. Firigisi."

"Na maumivu yalianza saa ngapi?"

Wanyoike alimeza mate. "Kabla ya kuku."

"Kabla! Na ukala?"

"Ningefanyaje daktari? Ilikuwa kwa mkwe."

Daktari alimtazama, akamtazama Absalom aliyesimama kando amegeuzia pazia mgongo kwa adabu, akatikisa kichwa. Aliagiza aletewe mpira wa kupitisha puani wa kunyonya tumbo, akaenda kutayarisha chumba cha upasuaji.

Ndipo kijana wa mapokezi akaja na mashine yake ndogo. "Kitambulisho, mzee. Uko kwa bima ya serikali ama ni wa kulipa?"

Wanyoike aliangalia dari. Bado, katika hali ile, moyo ulikuwa unamwambia afe na tai shingoni.

"Huyu ni wa kulipa," Absalom alijibu kwa niaba yake, kwa upole, bila hata chembe ya kejeli. "Hayuko kwa bima. Ana msimamo wake, na tunauheshimu. Andika jina langu, mimi ni mkwe wake." Kisha akatoa simu. "Wamboi, usilie mama. Niko na yule ng'ombe wangu mtamba wa gredi. Kuna mtu wa Chwele amekuwa akinisumbua nimuuzie. Tutaanzia hapo, na jioni tufungue kikundi cha harambee." Akaanza kubonyeza simu, miwani imemshukia puani.

Wanyoike alimjua huyo mtamba. Absalom alikuwa amemlea kwa chupa tangu mama yake afe, akampa jina la kanisani, akawa anamtembeza jioni kama mtoto wa shule. Alimsikia yule mtu wa Chwele akipokea, "Halo, mzee!", na hapo kitu kilimkatika ndani ambacho hakikuwa utumbo.

"Mkwe," alisema. "Kata simu."

"Usijali mkwe, ng'ombe ni ng'ombe tu."

"Nimesema kata simu! Mimi niko kwa bima." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, watu wote pale wakageuka. "Nimelipa. Mimi na Wangu. Tangu mwaka jana. Niliogopa kufa, mkwe, ndiyo hivyo. Nimekuwa nikikutukania kitu ambacho niko nacho mfukoni."

Simu ilikuwa bado inasema halo, halo. Absalom aliikata. Wanyoike alifumba macho akingoja kicheko, na angekikubali kama kingekuja, kwa sababu alikuwa amekichuma kwa mikono yake.

"Weka kidole hapa, mzee," kijana alisema. Wanyoike aliweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Akaweka tena, ikakataa. "Kidole kina mafuta," kijana alisema.

Yalikuwa mafuta ya kuku wa Nanyama. Absalom alitoa leso mfukoni mwa koti, akaushika mkono wa mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ila kwa salamu, akakifuta kile kidole taratibu, mbele na nyuma, mpaka kwenye ukucha. Kisha akakiweka yeye mwenyewe kwenye mashine. Mashine ikakubali. Wanyoike alilia, na aliposukumwa kupelekwa ndani alikuwa bado analia, na hakujali nani anamwona.

Alipozinduka ilikuwa jioni, na daktari Chepkemei alikuwa ameinama juu yake. "Mzee, una bahati. Utumbo ulikuwa umeshakuwa mweusi mweusi, lakini tulipoulegeza rangi ilirudi. Hatukukata hata kipande. Sasa tunangoja utumbo wenyewe uamke ufanye kazi."

"Tutajuaje utumbo umeamka?" Wanyoike aliuliza.

"Utatoa upepo," alisema daktari bila kupepesa macho. "Ukitoa upepo tunajua njia iko wazi, unapewa uji. Usipotoa, basi kuna shida, na huenda turudi ndani tena."

Wangu alifika kutoka Kitale asubuhi yake, akamlaza kichwa kifuani, akamgombeza, akamshukuru Mungu, akamgombeza tena. Siku hiyo ilipita, utumbo kimya. Muuguzi Dinah, mwanamke mwenye sauti ya kuimba kwaya, alipita mara nyingi akiuliza kutoka mbali: "Mzee Wanyoike! Umetoa upepo?" Na Absalom akiwa ameketi pale pale! Kwa kuwa kanisa lilimjua, walimruhusu kukaa hata baada ya saa za kuona wagonjwa, na aliona ni heshima asimwache mkwe wake peke yake ugenini. Alikiweka kiti chake kikitazama dirishani, ili asimtazame mkwe akiwa amelala, akamsomea habari za gazeti. Bima hakuitaja hata mara moja. Dinah alipouliza swali lake, Absalom alikohoa na kugeuza ukurasa.

Asubuhi iliyofuata Wanyoike alisikia tumbo likinguruma. Aa, furaha gani hiyo! Ulikuwa ule mngurumo wa kawaida, wa mtu mzima. Upepo ukaanza kushuka, na wakati huo huo Absalom akaingia mlangoni na koti lake na gazeti lake, akavuta kiti.

Basi Wanyoike akaubana.

Usimcheke sana. Mtu amekaa miaka yote hajawahi hata kupiga mwayo mbele ya mkwe. Aliubana ukarudi, tumbo likafura, likauma. Aliubana tena. Daktari Chepkemei akapita na kuuliza, "Bado?" Mzee akasema, "Bado." Daktari akagonga gonga tumbo kwa vidole, likalia kama ngoma, akakunja uso. "Silipendi tumbo hili. Likikaa hivi mpaka mchana, tunamrudisha ndani." Wangu akashika tama. Wamboi, aliyekuja na mtoto mgongoni, akaanza kulia kimya kimya.

Dinah ndiye aliyemtazama mgonjwa vizuri, jinsi alivyokunja vidole vya miguu na kung'ata mdomo. Akamtazama Absalom. "Mzee," akasema pole pole, "wewe unajizuia?"

Wanyoike aliangalia ukuta.

"Kwa sababu ya mkwe?"

Wangu alipiga makofi ya mshangao. "Yesu wangu! Ati utapasuliwa mara ya pili kwa sababu ya adabu!"

Absalom aliweka gazeti chini. Alielewa sasa, na uso wake mrefu ukajaa huzuni, kwamba kumbe kukaa kwake pale kote, heshima yake yote ile, ndiyo ilikuwa inamuua mkwe wake. Alisimama kama anayetaka kutoka. Akafika nusu ya njia ya mlangoni. Akasimama, akafikiri, akarudi. Akakigeuza kiti chake kutoka dirishani, kikamtazama Wanyoike uso kwa uso, akaketi.

"Mkwe," alisema, "mimi ni mzee wa kanisa, na nilikuwa afisa wa serikali." Akainua paja moja, akaachilia upepo mmoja mkubwa, wa wazi, wa mtu aliyekula maharagwe, uliosikika hadi kitanda cha mwisho.

Wamboi alifunika uso kwa kanga. Kisha Wanyoike alianza kucheka. Alicheka akishika nyuzi, akisema "Uui, nashonwa, uui, mkwe," na kicheko kikalegeza kila kitu alichokuwa amekibana, upepo ukatoka. Ukatoka mrefu, bila aibu, ukaendelea, ukapumzika, ukaendelea tena, na tumbo likashuka mbele ya macho ya watu wote.

"Umetoka!" Dinah alipaza sauti. "Daktari! Umetoka!" Wagonjwa wakapiga makofi. Wangu alianguka kwenye ukingo wa kitanda akicheka na machozi yanamtiririka, na mtoto mgongoni mwa Wamboi akaamka akaanza kulia kwa zile kelele.

Daktari aligonga tumbo tena, likawa laini. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu waonane. "Leteni uji," alisema.

Absalom alichukua kikombe kutoka kwa Dinah, akaupuliza uji upoe, akamwinua mkwe wake kichwa kwa mkono mmoja na kumnywesha kwa mwingine. Wanyoike alikunywa mpaka kikaisha, akajifuta mdomo, akalala chali kitandani na miguu ameinyoosha kabisa mbele ya mkwe wake, akapata usingizi mzuri.